Usianze na Lugha Mama: Mwongozo Kamili wa Kuchanganua Makosa katika Insha za Wanafunzi

Kila msimu wa tasnifu nasoma sura ya nne, ile ya uchanganuzi wa data, inayofanana na ile ya msimu uliopita. Kuna jedwali la makosa, kuna asilimia zenye desimali mbili, kisha inakuja sentensi moja: makosa haya yametokana na athari ya lugha mama. Msimamizi anaandika pembeni, "Umejuaje?", na kazi ya miezi inarudi mezani.

Swali hilo ni la haki. Mara nyingi halina jibu kwa sababu mtafiti alishika sababu kabla hajayaeleza makosa yenyewe. Alikwenda shuleni akiwa na hitimisho mfukoni.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu, na kwa mwalimu anayetaka kujua darasa lake linakwama wapi hasa. Mfano nitakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni upatanisho wa kisarufi katika insha za Kidato cha Pili. Hatua ni zile zile ukichunguza tahajia, nyakati au virejeshi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Vibali. Kenya, kibali cha utafiti hutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Tanzania kuna COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na barua ya chuo mara nyingi hupita kwa katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa halmashauri kabla ya kufika kwa mkuu wa shule. Zanzibar ina utaratibu wake. Anza mapema, kwa sababu barua hutembea polepole kuliko mtafiti.
- Ridhaa ya maandishi ya wazazi au walezi, kwa kuwa wanafunzi hawa wako chini ya miaka 18, na ridhaa ya wanafunzi wenyewe.
- Insha 40 hadi 60. Chini ya hapo utakosa mifano ya ngeli zisizojitokeza sana. Zikizidi hapo na uko peke yako, utachoka na umakini utapungua bila wewe kujua.
- Kamusi sanifu, kitabu kimoja cha sarufi, na maelezo ya lahaja za eneo unalokwenda.
- Programu ya lahajedwali. Excel inafaa, na LibreOffice Calc inatosha kabisa bila malipo.
- Daftari la maamuzi. Ni daftari la kawaida ambamo kila uamuzi mgumu unaandikwa siku hiyo hiyo pamoja na tarehe.
- Mtu wa pili anayekijua Kiswahili vizuri, atakayesoma insha kumi bila kuona alama zako.

Daftari la maamuzi ndilo linalodharauliwa kuliko vyote, nalo ndilo litakalokuokoa siku ya utetezi. Kundi la kwanza la insha nililolichambua nililazimika kulirudia lote, kwa sababu nilipofika insha ya thelathini nilikuwa nimesahau kwa nini "ndugu zangu" nililiacha na "ng'ombe zetu" nikalihesabu kuwa kosa.

## Hatua ya 1: Bana swali mpaka liumane

"Makosa ya Kiswahili ya wanafunzi wa Kidato cha Pili" si swali. Ni bahari. Ndani yake mna tahajia, msamiati, mpangilio wa aya, uakifishaji na mengine ambayo hutayamaliza.

Chagua muundo mmoja. Mfano: upatanisho kati ya nomino na vimilikishi, viashiria, vivumishi na vitenzi vinavyoitegemea. Kisha andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari nini kitahesabiwa na nini hakitahesabiwa. Tahajia haitahesabiwa. Herufi kubwa hazitahesabiwa. Mwanafunzi akiandika "kitabo changu", umilikishi uko sawa, na hilo "kitabo" unalipita.

Umefaulu ikiwa mtu asiye mwanaisimu anaweza kukusikiliza kwa dakika moja, kisha ukimpa sentensi tatu akakuonyesha mahali utakapopatazama.

## Hatua ya 2: Tunga kazi itakayomlazimu mwanafunzi kutumia muundo unaoutafuta

Hapa ndipo utafiti mwingi unapoharibika kimyakimya.

Mtafiti wa ngeli anawapa wanafunzi mada "Siku Nisiyoisahau". Wanaandika hadithi za mama, mjomba, mwizi na daktari. Ngeli ya A-WA inajaa kurasa zote, na A-WA ndiyo ngeli ambayo wanafunzi wengi wanaimudu. Mtafiti anarudi na data safi isiyomwambia kitu.

Sasa wape mada hii: "Eleza vitu vilivyomo jikoni na sebuleni kwenu, hali ya kila kimoja, na mngependa kubadilisha nini." Mara moja unapata kiti, kisu, vikombe, ukuta, nyufa, mlango, miguu ya meza, jiko, mafiga, ufagio. KI-VI, U-ZI, U-I na LI-YA zinajitokeza zenyewe, tena kwa umoja na wingi, bila mwanafunzi kujua unatafuta nini.

Mada iwe moja kwa wote, muda uwe mmoja, na kamusi zisiwepo mezani. Usitumie insha za mtihani zilizokwisha kusahihishwa. Wino mwekundu wa mwalimu utakuongoza macho, nawe utaona alichokiona yeye tu.

Tahadhari juu ya misemo ya kukariri. Shule nyingi hufundisha mianzo ya insha kwa kukariri: jua lililochomoza kwa madaha, ndege walioimba kwa sauti nyororo, siku iliyoanza kama siku nyingine. Aya hizo huwa na upatanisho usio na dosari hata kwa mwanafunzi ambaye aya ya pili anaandika "mlango yetu". Ukizihesabu, unapima kumbukumbu. Muulize mwalimu wa somo ni mianzo ipi amewafundisha, ziwekee alama sentensi hizo, na uzitoe kwenye hesabu. Andika kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, kwamba umefanya hivyo na kwa nini.

Umefaulu ikiwa, ukipitia insha tano za kwanza, kila moja ina angalau nafasi kumi ambapo muundo wako ulihitajika.

## Hatua ya 3: Nakili kama ilivyoandikwa

Mpe kila mwanafunzi namba, M01, M02 na kuendelea. Orodha inayounganisha namba na majina ikae mbali na data, na uichome au uifute kazi ikiisha.

Chapa insha herufi kwa herufi. Zima kisahihishaji cha tahajia kwenye kompyuta kabla hujaanza. Simu na kompyuta hubadilisha maneno bila kukuuliza, nawe utakuja kuchambua makosa ya mashine.

Nakili pia yaliyokatwa. Nayaweka ndani ya mabano ya mraba: "kitabu [yangu] changu". Kipande hicho kina thamani kubwa. Mwanafunzi aliyeandika "yangu", akasita, akalikata na kuandika "changu", anaijua kanuni, ila mkono ulitangulia. Ukinakili "changu" peke yake umepoteza ushahidi huo.

## Hatua ya 4: Jenga upya alichokusudia

Hii ndiyo hatua yenye kazi kubwa kuliko zote, nayo wengi huiruka. Kabla ya kusema kuna kosa, andika chini ya sentensi ya mwanafunzi sentensi ambayo mzungumzaji stadi angeiandika kwa maana ile ile. Badilisha vichache iwezekanavyo. Usiirembe.

Hii hapa sentensi niliyoitunga kwa kufuata ninazokutana nazo kila mara kutoka shule za bara la Kenya:

(1) Kiti ya baba imevunjika miguu zake na mimi nilienda kuita fundi mwenye anakaa karibu na sisi.

Iliyojengwa upya:

(1a) Kiti cha baba kimevunjika miguu yake na mimi nilienda kumwita fundi anayekaa karibu na sisi.

Mtafiti mwenye haraka ataona makosa matano, atapiga alama tano na kuendelea. Ngoja kwanza. Tazama "ya" na "imevunjika". Nomino ni "kiti", lakini kihusishi na kitenzi vimekubaliana vyenyewe kwa vyenyewe: vyote viwili ni vya ngeli ya I. Halafu nomino ikawa ya wingi, "miguu", na mwanafunzi akaandika "zake". Umoja umechukua i-, wingi umechukua z-.

Mwanafunzi huyu hakukosa upatanisho. Amepatanisha, tena kwa uthabiti. Ila anavyo vikapu viwili tu: viumbe hai kikapu kimoja, na vitu vyote visivyo hai kikapu cha pili, ambacho ni I-ZI. Katika kikapu hicho "kiti", "miguu", "mlango" na "ukuta" hukaa pamoja na "nyumba". Mwaka 1972 mwanaisimu Larry Selinker alitoa hoja kwamba mwanafunzi wa lugha hujenga mfumo wake mwenyewe ulio kati ya lugha anayoijua na ile anayojifunza. Hapa unauona mfumo huo ndani ya sentensi moja.

Ukiandika "makosa matano" umepata namba. Ukiandika "mwanafunzi amezijumlisha ngeli za visivyo hai kuwa I-ZI, umoja na wingi", umepata jambo ambalo mwalimu anaweza kulifanyia kazi.

"Mimi nilienda" nimeliacha kwa makusudi. "Nilienda" na "nilikwenda" zote zinatumika, na "mimi" hapa linatia mkazo. "Kuita" nimeligeuza kuwa "kumwita" kwa sababu Kiswahili sanifu huweka kiambishi cha yambwa, yaani cha mtendwa, kama -mw- katika "kumwita", pale mtendwa anapokuwa mtu mahususi. Ila kama utafiti wako hauhusu yambwa, lipite. "Mwenye anakaa" nitalirudia hatua inayofuata.

Ukikuta sentensi isiyoeleweka, rudi shuleni umuulize mwanafunzi alitaka kusema nini. Usipoweza kurudi, iweke kando chini ya "haijulikani" na useme ziko ngapi. Usibuni maana kwa niaba yake.

Umefaulu ikiwa mtu wa pili akisoma sentensi zako ulizojenga upya anakubali kwamba hukuongeza wazo lako.

## Hatua ya 5: Tenganisha kosa, kuteleza na matumizi ya watu

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mwanaisimu Pit Corder alijenga hoja ya namna hiyo mwaka 1967: kuna makosa yanayotokana na uchovu, haraka au kupitiwa, na kuna makosa yanayoonyesha kiwango cha ujuzi wa mwanafunzi kwa wakati ule. Ya pili ndiyo data yako.

Utajuaje lipi ni lipi? Njia mbili, na ni vyema kuzitumia zote.

Kwanza, tazama insha nzima. M17 akiandika "kisu changu" mara nne na "kisu yangu" mara moja mwishoni mwa ukurasa wa pili, ameteleza. M22 akiandika "kisu yangu", "kikombe yangu" na "kijiko yangu", huo ndio ujuzi wake.

Pili, baada ya siku mbili au tatu mrudishie nakala safi ya insha yake isiyo na alama yoyote na mwambie: isome, urekebishe unachoona hakiko sawa. Anachokirekebisha mwenyewe kiandikwe "ameteleza". Zoezi hili linachukua kipindi kimoja, na linaipa tasnifu uzito ambao maelezo ya kurasa kumi hayawezi kuupa.

Kisha kuna kundi la tatu, ambalo linahitaji unyenyekevu. Si kila kisichofuata kitabu ni kosa la mwanafunzi.

"Rafiki yangu", "ndugu zangu" na "mama yangu" ni sahihi ingawa nomino hizo ni za viumbe hai na vitenzi vyake huchukua a- na wa-. Wapo watafiti walioziandika kuwa makosa. "Ng'ombe zetu" husemwa na wazungumzaji stadi sambamba na "ng'ombe wetu". Mwanafunzi wa Mombasa au Lamu anayeandika "mato" kwa macho au "nti" kwa nchi anaandika lugha ya nyumbani kwao, yenye ushairi wa karne kadhaa. Mwalimu anaweza kumwelekeza kwenye sanifu, lakini wewe mtafiti usimweke kwenye safu ya walioshindwa.

"Mwenye anakaa" ni la aina hiyo kwa sehemu. Katika mazungumzo ya kila siku bara la Kenya, "mwenye" na "wenye" hutumika kama virejeshi na watu wa lugha nyingi tofauti, wazee kwa vijana. Si sanifu, kwa hiyo kwenye insha ya shule litahesabiwa kuwa limetoka nje ya sanifu. Lakini mwanafunzi hakulibuni, amelisikia. Lipe safu yake: "matumizi ya jamii".

Umefaulu ikiwa kila alama katika orodha yako ina moja ya majina matatu, na kila uamuzi mgumu uko kwenye daftari.

## Hatua ya 6: Panga kwenye jedwali, bila kutaja sababu

Fungua lahajedwali. Kila mstari uwe nafasi moja ambapo muundo ulihitajika, iwe mwanafunzi amepata au amekosa. Rudia kusoma sentensi hiyo, maana inavunja mazoea: usiorodheshe makosa peke yake.

Safu zangu huwa hizi: namba ya mwanafunzi, sentensi, nomino, ngeli iliyohitajika, ngeli iliyotumika, umoja au wingi, mahali pa kiambishi (kimilikishi, kiashiria, kivumishi, kitenzi, kirejeshi), maneno mangapi yako kati ya nomino na neno linaloitegemea, hali (sahihi, kosa, ameteleza, matumizi ya jamii).

Utaona sikuweka mafungu manne yaliyozoeleka tangu kazi ya watafiti wa ujifunzaji lugha Dulay, Burt na Krashen ya 1982, yaani kuacha, kuongeza, kubadili na kuvuruga mpangilio. Yanafaa kwa mambo mengi. Kwa upatanisho wa Kiswahili, karibu kila kosa huangukia "kubadili", na fungu moja lililobeba tisini kwa mia ya data halikufundishi kitu. Safu za "iliyohitajika" na "iliyotumika" ndizo zitakazokuonyesha mwanafunzi anakimbilia wapi anapokwama.

Safu ya umbali usiiache. "Kisu changu" ni rahisi. "Kisu ambacho mjomba alimletea mama kutoka sokoni Jumamosi kimepotea" ni kitu kingine, na wapo wanafunzi wanaofaulu karibu na nomino na kupotea mbali nayo.

Halafu mwite mtu wa pili. Mpe insha kumi na maelezo ya mafungu, mwache afanye peke yake, kisha linganisheni. Usiishie kwenye asilimia ya kukubaliana, kwa sababu sehemu ya makubaliano hutokea kwa bahati. Tumia kipimo cha kapa, kinachoondoa makubaliano ya bahati, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960. Hesabu yake ni hii: makubaliano halisi toa makubaliano ya bahati, gawanya kwa moja toa makubaliano ya bahati.

Tuseme nafasi ni 100. Wewe umeona makosa 30, mwenzako 25, na mmekubaliana mara 85. Makubaliano ya bahati ni 0.30 × 0.25 jumlisha 0.70 × 0.75, yaani 0.60. Kapa ni 0.25 gawanya kwa 0.40, sawa na 0.625. Asilimia 85 iliyopendeza macho imeshuka mpaka hapo. Kaeni chini, zungumzeni kila mlipotofautiana, rekebisheni maelezo ya mafungu, mrudie na insha nyingine kumi.

## Hatua ya 7: Hesabu nafasi, usihesabu makosa matupu

Chukua mfano wa kubuni. Katika insha zako umekuta makosa 40 ya KI-VI na makosa 12 ya U-ZI. Mtafiti anaandika: "KI-VI ndiyo ngeli inayowatatiza zaidi." Inasikika sawa.

Rudi kwenye jedwali. Nafasi za KI-VI zilikuwa 400. Nafasi za U-ZI zilikuwa 20. Sasa KI-VI ni makosa 10 kwa kila nafasi 100, na U-ZI ni 60 kwa kila nafasi 100. Hitimisho limegeuka kichwa chini miguu juu. Na kama uliorodhesha makosa tu bila kuandika yaliyo sahihi, huna njia ya kulijua hilo. Utarudi insha ya kwanza.

Kuna jingine lililojificha kwenye hizo nafasi 20. Kwa nini ni chache hivyo, na mada ilihusu nyumba? Pengine wanafunzi wanazikwepa. Mwaka 1974 mwanaisimu Jacquelyn Schachter alionyesha kuwa Wachina na Wajapani waliojifunza Kiingereza walikosea vishazi rejeshi mara chache kuliko Waarabu na Waajemi, si kwa sababu waliviweza zaidi bali kwa sababu hawakuviandika. Asiyepanda mtini haanguki.

Katika insha za Kiswahili kukwepa kuna sura zake. Mwanafunzi anaandika "ukuta una ufa, na ukuta wa pili pia una ufa" kwa sababu "kuta zina nyufa" hazimjii. Anaandika "ambaye" na "ambacho" kila mahali, ambazo ni sahihi kabisa, kwa sababu "anayekaa" na "kilichovunjika" zinamtisha. Orodha ya makosa haitamkamata. Ongeza safu ya "dalili za kukwepa", na kwa wanafunzi sita au saba fanya zoezi fupi la ziada: wape sentensi za umoja wazigeuze kuwa wingi.

Mwisho, gawanya hesabu kwa mwanafunzi. Si ajabu watu watatu kubeba theluthi ya makosa yote. Ikiwa ndivyo, hitimisho lako linawahusu hao watatu, na darasa halipaswi kusingiziwa.

## Hatua ya 8: Sasa ndipo utafute sababu

Mtihani wa dai la "athari ya lugha mama" una mambo matatu, na yote lazima yawepo. Wazungumzaji wa lugha hiyo wafanye kosa hilo. Wazungumzaji wa lugha nyingine, waliosoma katika mazingira yale yale, wasilifanye au walifanye mara chache zaidi. Na lugha yenyewe iwe na umbo linaloweza kuzaa kosa hilo, umbo ambalo unaweza kulionyesha kwa mfano.

Jaribu na "kiti yangu". Wanafunzi wanaozungumza Kijaluo wanaliandika. Kijaluo ni lugha ya Kinailoti, hakina ngeli za namna ya Kibantu, basi mtafiti anasema: nimepata. Lakini wanafunzi wanaozungumza Kikuyu nao wanaliandika, na Kikuyu kina ngeli, kina upatanisho, tena kina ngeli ya kĩ- inayolingana na KI yetu. Kama lugha ya kwanza ingekuwa ndiyo dereva, ingemfikisha Mkikuyu kwenye "kiti changu" bila taabu. Haikumfikisha. Kwa hiyo sababu iko mahali ambapo hawa wawili wanakutana: Kiswahili wanachokisikia njiani, sokoni, kwenye matatu na uwanjani, ambacho tayari kimeziunganisha ngeli za visivyo hai. Kwa wengi wao hicho ndicho Kiswahili cha kwanza kuingia sikioni, miaka mingi kabla ya ngeli za ubaoni.

Linganisha na "karamu" kwa "kalamu". Kikuyu hakina sauti ya l. Kisukuma kina l lakini hakina r. Ukikuta Wakikuyu wanaelekea upande wa r, Wasukuma upande wa l, na wanafunzi wa lugha zinazotofautisha sauti hizo mbili wametulia, hapo dai la lugha ya kwanza linasimama kwa miguu yake. Angalia pia makosa ya kujihami: Msukuma aliyekosolewa sana huanza kuandika r hata pasipohitajika.

Kisha zipo sababu za ndani ya Kiswahili chenyewe. "Kifaru kimekufa" na "kiboko kimetoka majini" ni kazi ya mwanafunzi aliyeielewa KI-VI vizuri kupita kiasi, akaipeleka kwa viumbe hai ambao huchukua a-. Hilo halina uhusiano na lugha ya nyumbani kwake. Na zipo za ufundishaji: kaa darasani vipindi viwili, uone kama ngeli zinafundishwa kwa kukariri jedwali au kwa sentensi.

Tahadhari: data ikiruhusu sababu mbili, andika mbili. Mtahini mzuri hamshushi alama mtu aliyesema wazi mpaka wa ushahidi wake.

## Hatua ya 9: Andika sura ya nne

Anza kila sehemu na mfano, si na asilimia. Mfano uwe na namba, namba ya mwanafunzi, sentensi kama ilivyo, na chini yake sentensi iliyojengwa upya. Ndipo ueleze unachokiona. Ndipo ulete hesabu.

Usiandike "wanafunzi wengi". Andika "wanafunzi 31 kati ya 48" kama ndivyo jedwali linavyosema. Kila asilimia iwe na idadi ya nafasi pembeni yake. Sehemu ya sababu ikae mwisho, na kila sababu itaje mifano inayoibeba kwa namba zake.

Kisha mpe msimamizi kurasa tano tu kwanza, za ngeli moja, kabla ya kuandika sura nzima. Akikuuliza "Umejuaje?", unafungua jedwali, unachuja safu mbili, unamwonyesha.

## Hatua ya 10: Rudi shuleni

Wanafunzi walitoa saa mbili zao na mwalimu alitoa vipindi vyake. Wapelekee ukurasa mmoja, bila majina na bila namba za M. Uwe na sentensi kumi halisi zinazobeba mifumo mikuu uliyoiona, na ngeli zilizopangwa kuanzia ile inayowashinda zaidi kwa kila nafasi 100.

Kwa darasa lenye vikapu viwili, mimi huanza na sentensi moja ubaoni: "Kiti cha baba kimevunjika miguu yake." Wanaigeuza wingi kwa sauti, "Viti vya baba vimevunjika miguu yake", wanaona "yake" haikubadilika, wanauliza kwa nini. Kipindi kizima huishia kwenye swali hilo.